Safu ya Nne

Mimi Chumu Shaame, mshika fedha,
Wingwi, upande wa nyuma ya skuli,
pale tope linapowavua watu viatu.
Naandika baada ya Isha, taa ya sola inafifia,
fomu ya serikali iko mbele yangu,
nimeibana kwa kijaluba
upepo usije ukaisoma kwanza.

Fedha zilivuka kutoka Unguja mwisho wa Mei.
Waraka ukasema: zitumike kabla ya thelathini Juni,
zisipotumika zirudi.
Sasa nani amwambie mkoko
uangushe mbegu zake kwa mwaka wa fedha?
Tulizichuma juu ya miti, changa, hazijajua uzito,
tukazichomeka mistari mistari kama twende kilioni,
elfu nane mia nne, mbele ya mpiga picha.
Bwana Mbarouk wa Idara alivaa buti mpya za mpira,
tope likamnyang'anya moja.
Tulicheka. Naye alicheka. Ni mtu mzuri.

Kufika vuli vilikuwa vijiti,
vimekaliwa na konokono,
kama miswaki ya watu waliohama.

Mwaka wa pili zilibaki laki sita na nusu.
Ndipo Mkasi, ambaye mikutanoni hasemi
kwa sababu mumewe husema kwa wawili,
akauliza: hili tuta, nani alilijenga?

Kimya. Tulijua.
Baba yangu, na wake, na wa huyo aliyeinama,
ili chumvi isiuguse mpunga.
Mpunga ulikufa vilevile. Tuta likabaki
kama mgeni aliyesahau kuaga,
na nyuma yake maji mazito, ya kijani,
yananuka yai viza.
Hayaingii, hayatoki. Nani angeota humo?

Tukanunua majembe kumi na mawili, makoleo sita,
mchele, samli, sukari ya chai
(stakabadhi zipo, namba 14 hadi 19).
Siku nne tulilikata tuta la baba.
Siku ya tatu udongo ukanipa kifuu
alichonywea maji yeye, au mtu mwingine.
Nimekiita chake.
Bamvua likaja usiku. Hatukuliona.
Tulisikia tu maji yakiuliza njia gizani.

Sikupanda hata mche mmoja,
nasema mbele ya Mungu na mkaguzi.
Mchu ndio ulioanza, mdogo, wenye kiburi,
kisha mkandaa, kisha msindi sijui umetoka wapi,
labda umefuata maji kutoka Kojani.
Tasi wachanga, urefu wa ukucha,
hugeuka wote pamoja kama ukurasa.
Sululu wamerudi na midomo yao
ya sindano za magunia.
Binti wa Mkasi kakamata kaa, kamfunga kwa ukindu,
kamuuza elfu saba, kanunua madaftari.

Haya, fomu.
Eneo, nimejaza. Zilizopokewa, nimejaza.
Zilizotumika, hadi senti.
Safu ya nne: idadi ya miche iliyopandwa.

Bwana Mbarouk kanipigia simu:
"Bi Chumu, andika chochote.
Sifuri haina bajeti. Wakiiona Unguja
watafunga faili."
Najua. Mwaka ule wa vijiti nilijaza elfu nane mia nne,
tukapigiwa makofi Wete, nikapewa fulana.
Ndiyo hii niliyovaa. Ndiyo niliyokatia tuta.

Nikatoka na tochi, maji yamejaa.
Nikahesabu vichwa vya mchu
hadi mia tatu na kumi na mbili,
popo akapita usoni,
nikapoteza hesabu.

Nimerudi. Nimeandika sifuri.
Kisha pembeni, nje ya mstari,
kwa herufi ndogo maana nafasi hawakuacha:
Njooni bamvua lijalo.
Msivae buti.