Jedwali la Sita

Theluji ya Wausau ilikuwa imefika kwenye kitasa cha mlango
nasi tuko chini ya nyumba ya Duane Wojcik, kando ya tanuri,
watu watano, meza moja ya kukunja,
na sanduku lenye pembe zilizoshikwa kwa plasta ya jeraha.

Ndani yake vitabu vitatu vyembamba,
ramani ya ngome iliyochorwa na mtu mwenye haraka,
na dadu la pande ishirini, limelika hata linakaribia kuwa gololi.
Tarakimu zake Duane huzipaka penseli ya nta kila Novemba
kama ampakaye mgonjwa wanja.
Alilinunua mwaka themanini na moja, kwa fedha ya kufyeka nyasi za jirani.
Hilo hutuambia kila mara.
Tunamwacha atuambie.

Basi Pahoua Vang akafungua mkoba
akaweka mezani kijitabu, kurasa sitini na nne,
kimechapwa kwenye mashine ya maktaba, kimebanwa pini mbili.
"Ni mchezo ule ule," akasema. "Nimeuandika upya.
Milango ile ile, majoka yale yale,
ila sasa mtu anaweza kuelewa."

Duane hakukigusa.
Tanuri likakohoa.
"Mama yu hai," akasema, "nawe waniletea mama wa kambo."

Ubishi ukawaka. Loren, dereva wa gari la kusukuma theluji,
akasema kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Ardith mkewe akamkata: kipya kiko wapi?
Hiki ni kile kile, kimenawa uso.
Mimi nilikuwa nahesabu mishale yangu.
Nimebakiwa na minne,
na kwa kweli sikujua niko upande wa nani.

Maana kile cha zamani nakipenda kwa upungufu wake.
Ukurasa wa kumi na tisa unaagiza: tazama jedwali la sita.
Jedwali la sita halipo. Halikuwapo tangu kiwandani.
Miaka arobaini tunatumwa kwenye chumba kisicho na mlango,
na kila usiku tunautoboa wenyewe
kwa kelele, kwa biskuti za chumvi, kwa kura ya mikono.
Nani atatoboa, ukuta ukishanyooshwa?

Lakini nilimkumbuka pia Emmett, mpwa wangu, miaka kumi na mmoja,
aliyesoma kurasa mbili, akafunga,
akaniuliza kwa upole kama watu wa zamani walichukia watoto.
Na sanduku kama lile, ukilipata,
bei yake ni matairi manne ya majira ya baridi.
Ya kale dhahabu, sawa.
Dhahabu iliyofungiwa kabatini humchekesha nani?

"Fungua kumi na tisa," Pahoua akasema. "Ya kwangu."

Duane akavaa miwani.
Tukaiona midomo yake ikitembea,
kisha ikasimama.
Pale penye pengo aliweka, neno kwa neno,
maandishi ya penseli ya pembeni mwa kitabu cha Duane,
hati ya mvulana wa miaka kumi na minne:
*Mdogo wangu akicheza, asife usiku wa kwanza.*

Hakuna aliyeuliza habari za mdogo wake.
Mji huu tunaujua. Tunajua ziwa lipi,
barafu ya mwezi gani.

Alikaa na ukurasa ule muda wa kuchemsha kahawa.
Kisha akasema, "Umekosea.
Niliandika *usku*. Bila ile *i*.
Rudisha."

Pahoua akatwaa kalamu, akaifuta *i*,
katika nakala ile, kisha katika nyingine nne alizokuja nazo.

Je, mchezo ule ulihitaji pacha? Ningali sijui.
Usiku huo tulivitumia vyote viwili,
na vilipogombana, tulirusha dadu.
Najua tu kwamba kitu kilipumua nyuma ya lango la shaba,
nikafyatua mishale yangu yote gizani,
na kwa kanuni za zamani, na kwa kanuni mpya,
nilikosa.