Tangi Likae Tupu

Boza la maji lilirudi nyuma, Tandale,
nami nimeinama kwenye chemba na spana mkononi.
Ukuta haukusogea. Nyonga ikasogea.

Nilipojaribu kukojoa yalitoka matone matatu ya damu,
kisha hamu tupu,
kama bomba la mtaa siku ya mgao.

Mwananyamala wakanijaza dawa kwa mpira, wakapiga picha.
Dokta Rweyongeza akaiinua kwenye mwanga:
kibofu changu, na ubavuni mwake wingu jeupe
lenye ncha kama moto wa kuni.
"Kimepasuka kwa chini, nje ya utando wa tumbo.
Hatukati. Mpira utakaa wiki mbili."

Hatukati?
Miaka ishirini na sita naziba mivujo
kwa katani, kwa gundi, kwa tepu nyeupe.
Sijaona ufa uliojiziba kwa kuachwa.
Nikamwambia. Hakukasirika.
"Fundi, tangi likijaa, ufa unavutwa.
Likikaa tupu, nyama inaitafuta nyama."

Basi nikalala, nikimwagikia mfukoni.
Siku ya kwanza, juisi ya rozela.
Ya nne, chai ya rangi.
Sista Mwanaidi alisoma mistari ya mfuko
kama msoma mita, akaandika,
akanionya mpira usijikunje chini ya paja.
Usiku niliufuata kwa kidole
toka kwangu hadi ukingo wa kitanda,
mimi niliyewacheka vijana wangu
kwa kukagua laini mara mbili.

Havijawa alileta uji, na maji, na maji tena.
Lile swali hakuliuliza. Nami sikulijibu.
Alimwaga mfuko bila kukunja uso:
"Leo kama maji ya dafu."

Siku ya kumi na nne, dawa tena, picha tena.
Wingu halipo. Duara tu, limetulia.
Mpira ukatoka.
Nikasimama chooni juu ya magongo mawili,
nikafungulia bomba la sinki linishawishi.
Ukaja, ukichoma.
Ukaja.

Simu ikaita kabla sijafunga zipu:
Mama Nasra wa Kijitonyama,
simtanki lake limepata ufa kwa chini,
je, akiliacha tu likauke?
Nilicheka hadi nyonga ikanikemea.
"Hilo lako, mama, halitapona lenyewe.
Nisubiri."