Upindo

Januari, vumbi la Nakuru limepaka hata vioo,
wazazi wamejipanga hadi mlangoni pa kinyozi,
na mimi, utepe shingoni, pini midomoni,
nawauliza wote swali moja:
niache inchi ngapi?

Mama Jepkemoi hataki hata moja.
"Kitambaa nimekinunua," asema,
"mbona ukifiche ndani, kisikoonekana?"
Nanyamaza. Napinda inchi tatu.
Muhula wa tatu atarudi, mtoto magoti nje,
nifumue, nipige pasi,
na sketi itashuka
kama iliyokuwa ikingoja kuitwa.

Miaka ishirini na miwili
nimewaachia upindo watoto wa watu.
Maisha yangu niliyakata
yakaishia pale pale kitambaa kilipoishia.

Aliyeniamsha si mhubiri, ni sindano.
Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, uzi ukakataa kuingia.
Mara ya pili. Mara ya saba.
Kijana wa chai akanitilia, akaenda na birika lake.
Ndipo nikamwona yule bibi
amekaa kwenye kigoda changu,
jina langu, kitambulisho changu,
ukungu machoni, mikono haina cha kushika.
Akasema: na mimi, umeniachia inchi ngapi?

Tangu siku hiyo namlipa.
Kila Ijumaa, kabla ya kodi ya kibanda, kabla ya nyama,
mia mbili zinatoka kwenye simu kwenda kwake sacconi.
Kabla, nasema.
Baada nimeijua: ni vile vipande chini ya meza,
huwezi kuviunga vikawa hata mfuko wa shati.

Nimemwibia mara mbili.
Ya kwanza, kware. Mnakumbuka kware?
Yai lilipokuwa dawa ya kila kitu,
mtaa mzima ukinuka vizimba?
Nilichomoa elfu kumi na nane za bibi,
nikaanza kuchagua rangi ya ghorofa.
Tuliwala kware wale wote,
mpaka Muriuki akalilia sukuma.
Ya pili ilikuwa hospitali.
Hiyo alinisamehe kabla sijaomba.

Jirani yangu Chepkwony alistaafu kwa keki na saa ya ukutani.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani
akaibadilisha kuwa lori la viazi.
Lilienda Molo mara nne.
Sasa limekalia mawe nyuma ya nyumba,
kuku wanatagia penye usukani,
na yeye, aliyekuwa msimamizi wa zamu,
alikuja kuniomba kazi ya vifungo.
Sikucheka. Nilimhesabia vifungo.
Pesa ya siku moja, hata ijaze gunia, ni ya siku moja.

Karani wa benki, mtoto wa juzi,
alinichorea hati za serikali kwa kalamu nyekundu:
faida inazaa, na mtoto wake anazaa.
Nikamwambia, hiyo naijua, ni kitambaa cha kochi.
Mzunguko wa kwanza una matundu sita,
unaudharau, unatosha kidole.
Wa kumi na tano unafunika meza
na mkono wako ni ule ule.
Ila lazima uanzie katikati.
Ila usifumue.

Na godoro? akauliza mama, akijua ninavyojua
kilichoko chini ya lake.
Mama, pamba isiyorowekwa
huikati leo ukatarajia imtoshe mtu kesho.
Shilingi nayo hurowa. Hurudi.
Hakunijibu. Usiku nilisikia vitanda vikisogezwa.

Leo ni Ijumaa.
Mama Jepkemoi amelipa nusu, nusu atatuma.
Kinyozi anafunga. Nabonyeza namba ya siri,
simu inatetemeka kwenye meza ya kukatia.
Bibi hasemi asante, hajawahi.
Anavuta upindo kwa ukucha,
taratibu, kwa wasiwasi wa fundi,
kuona kama utashika.