Saa Moja ya Nabiha

Sisi hesabu yetu ya saa
haianzi gizani.
Jua likishapanda kidogo, ndiyo saa moja.
Hivyo nilimfunza Nabiha akiwa na miaka mitano
kwa saa mbovu ya babake,
mshale mfupi, mshale mrefu.

Sasa ana kumi na sita
na saa moja yake huja saa sita ya mchana.

Mimi huamka saa tisa na nusu kukanda unga wa mahamri.
Yeye wakati huo ndiyo kwanza anapiga miayo.
Tulikuwa tukikutana ngazini,
mimi nashuka na asubuhi yangu,
yeye apanda na usiku wake.
"Umelala?" "Bado." "Umeamka?" "Ndiyo."

Nilimwita mvivu. Hilo nalikiri kwanza.
Nilimmwagia maji. Nikaficha simu yake
ndani ya pipa la unga, ikalia humo humo,
nusura niikande.
Hata bila simu alikaa macho akihesabu boriti,
arubaini na moja, azijua moja moja,
ile iliyoliwa na mchwa ameipa jina.
Shuleni wakaandika: Kipindi cha kwanza hakijui.
Mamangu akaleta kombe, zafarani kwenye sahani;
Nabiha akanywa, akashukuru,
akakesha.

Daktari Karisa hakucheka, wala hakutoa kidonge.
Alisema mwilini mna saa,
na ya vijana huchelewa, na yake imechelewa zaidi,
si ukaidi;
nuru ndiyo huitia majira.
Akatuazima taa bapa, pana kama sinia:
nusu saa kila aamkapo, tena tusimkurupushe,
aanzie pale anapoamkia mwenyewe,
kisha tumrudishe nyuma robo saa,
robo saa.
Na usiku simu ilale kabla yake.

Taa! nikawaza njiani. Langoni hapa, na jua lote hili!
Nikafika nyumbani, nikaitazama nyumba:
ukuta unene wa dhiraa na zaidi,
kichochoro ambacho punda wawili hawapishani,
chumba cha ndani kisicho dirisha.
Waliojenga walikuwa wakilikimbia jua.
Nasi binti tukamlaza mwisho kabisa wa nyumba,
tukaita heshima.

Wiki ya kwanza, saa tano na nusu,
amekaa mbele ya taa kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti,
anakula mahamri yaliyopoa.
Wiki ya tatu umeme ukakatika siku mbili.
Tukapanda juu ya dari, kati ya matangi na kamba za nguo,
nikamwekea kiti, jua limwangukie ubavuni,
maana daktari alikataza kulikodolea macho.
Alinuna. Mimi nikachambua mchele.
Ndipo nikaona ana kovu kidevuni,
na nyusi zile ni za mamangu,
kwani miaka miwili nilikuwa nikimtazama kwa kurunzi.
"Kovu la nini?"
"La mwaka jana, mama."
Nikaendelea na mchele. Sikuona tena mawe.

Sisemi amepona.
Mkesha wa mtihani aliturudisha nyuma robo tatu,
na siku za mawingu hugeuka ukutani akaniambia niende zangu.
Taa yenyewe inarudi Jumatatu,
kuna kijana wa Shela anaingoja.

Lakini leo, kikaango kingali motoni,
nikasikia ngazi.
Hatua za mtu anayeshuka, si anayepanda.
Akasimama jikoni, nywele wima, shavu lina alama ya mto,
akanyoosha mkono kwenye ungo bila salamu,
akauma,
akaungua ulimi.

Alikuwa amesahau
kwamba huwa ya moto.