Anueni

Kwetu Mtambwe wingu halitajwi kwa kusifiwa.
Likichungulia tu upande wa Fundo
watu huacha muhogo kinywani
wakakimbilia majamvi,
maana karafuu ya siku mbili juani
ikipigwa na mvua moja
inapauka, inavunda, na bei yake ukaitafute.

Basi fikiria nilivyochekwa
niliposema nimekodi wingu.
"Umekodi nini?" Asaa akauliza.
Wingu. Liko mbali, linatunga maneno,
linatoza kwa kila kipande cha neno.
"Na likinyesha?"

Usiku ule, Wete, juu ya duka la saruji,
feni inazunguka kwa kujikokota,
nikapanga visanduku kwenye kioo:
cha kwanza kinasoma utabiri,
cha pili kinalibishia wingu lipate kuandika,
cha tatu kinatuma kwa simu mia na kumi na nne.
Baina yao mishale, myembamba kama miyaa,
nami nasuka.

Hodi.
Mia nne na moja: huna ruhusa.
Hodi tena.
Ufunguo ninao! Si wa chuma, wa herufi,
nimeubandika mzima kama nilivyopewa.
Hodi, hodi, mia nne na moja.
Alfajiri inakaribia ndipo nikaliona:
pengo moja tupu mkiani mwa ufunguo,
si herufi, si tarakimu,
hewa tu niliyoinakili pamoja nao.
Jicho langu lililipita mara thelathini,
bawabu hakulipita hata mara moja.
Nikalifuta.
Karibu.

Ujumbe wa kwanza ulikuja umevaa tai:
"Ndugu Mkulima, tunapenda kukufahamisha kwamba
kuna uwezekano wa kunyesha mvua za wastani
ifikapo saa kumi na tano..."

Saa kumi na tano!
Nimezaliwa kisiwani hapa, sijapata kuikuta.
Mchana wetu una kumi na mbili, usiku kumi na mbili,
tumemaliza.

Nilimtumia shangazi Mize peke yake, kwa majaribio.
Akapiga.
"Nani kakuandikia, mkuu wa wilaya?
Mpaka nifike kwenye nukta karafuu zinaelea."
Nikamuuliza, iandikwe vipi basi?
"Kwani mimi nikiliona nasema vipi?"
Na salamu je?
"Mvua inakuja na salamu?"

Nikarudi kwenye kisanduku cha pili,
nikafuta maagizo yangu yote ya adabu, nikaandika:
Wewe ni jirani. Umesimama uani, umeliona.
Hesabu saa kama tunavyohesabu sisi.
Usijitambulishe.

Sekunde mbili. Senti kidogo.

Anueni. Saa tisa.

Nikakaa nalitazama neno lile.
Sikulifundisha mimi.
Kuna mtu, mahali, aliwahi kuliandika likaokotwa,
pengine mama anawaitia watoto nguo kambani,
pengine mpunga, sijui,
likapelekwa huko kulikopelekwa, likachanganywa na ya dunia nzima,
na sasa limerudi uani kwetu
halijachuja.

Jumanne saa nane na nusu simu zikalia.
Mtambwe ikaanua.

Ila shangazi.
Yeye majamvi alishayakunja kitambo,
harufu ya kisima ilimbadilikia, hakungoja mtu.
Akaniandikia kwa herufi kubwa tupu:
NSHAANUA. MWAMBIE.

Nimwambie vipi?
Mishale yangu yote inakwenda upande mmoja.
Linasema, halisikii,
na mimi ndiye niliyelisuka hivyo.

Mvua imeanza kugonga bati la duka.
Nafungua kioo.
Kisanduku cha nne nakiweka hapa chini, peke yake,
bado sijui nikiunge na nini.