Nusukaputi, Ghorofa ya Tatu

Julai hii ya Nairobi haina adabu.
Baridi huingia bila hodi, ikapita begani,
ikashuka mgongoni ngazi kwa ngazi,
ikanikuta Kariobangi nimeinamia mashine ya kufuma:
sweta thelathini za shule, rangi ya maruni,
na vidole vimegoma kabla ya mkono wa sweta ya kwanza.

Miaka tisa nimebeba kitu kisichotokea kwenye picha.
Eksirei: safi. Damu: safi.
"Basi u mzima," akasema wifi yangu Ndunge,
akitafuna njugu,
na neno *mzima* likaniuma kuliko bega.
Kisha Daktari Wairegi akanibonyeza sehemu kumi na nane,
nikaruka mara kumi na sita,
naye akaandika: faibromayalja.
Nililifurahia jina hilo, Mungu anisamehe,
kama aliyepokea hati ya shamba la mawe.

Sasa nimo kwenye jaribio.
Mimi ni nambari kumi na saba.
Wengine watavuta gesi ile ya chumba cha upasuaji,
wengine hewa tu ya mtungi.
"Ni nusukaputi?" nikauliza.
"Nusu ya nusu," akajibu nesi.
Naye hajui ni ipi yangu; daktari pia hajui;
mtungi umefunikwa shuka ya kijani hadi shingoni.
Nikatia sahihi kurasa saba,
mkono ukalegea kwenye ya tano.

Kabla ya barakoa, swali:
"Maumivu ya leo, sifuri hadi kumi?"
Binti Chelimo, rula yako ni fupi.
Kuna kuwanga, kwa kichwa kinachongoja mvua.
Kuna kupwita, chura chini ya ngozi.
Kuna kuchonyota, chumvi kwenye kidonda kisichokuwepo.
Kuna kufukuta, makaa yaliyofunikwa jivu tangu Jumapili.
Na kuna kupekecha:
mtu anatafuta moto ndani ya mfupa,
kwa kijiti, usiku kucha, wala hana haraka.
Haya yote nikujumlishie?
"Andika nane," nikasema, "tuendelee."

Barakoa inanuka ndoo mpya.
Pumzi ya kwanza, utamu wa mbali.
Ya sita, masikio yakajaa nyuzi.
Walisema huenda nikacheka.
Sikucheka. Niliona tu mabega yangu
yametundikwa kwenye msumari ukutani, kama koti,
nami kando, nikiyatazama bila chuki.
Dirishani korongo wa jaani alitua juu ya mgunga,
akatikisa shingo yake mbaya.
Nikampenda.

Siku nne.
Siku nne nilifunga vifungo vya blauzi mwenyewe.
Ya tatu nikajidanganya:
nikafua mablanketi yote ya nyumba, na la jirani,
nikayakamua kana kwamba nayadai.
Ya tano mwili ukaleta bili yake, pamoja na riba.

Kliniki wakauliza namba.
Ningesemaje? Ilikuwa gesi, ama mablanketi,
ama chai ya tangawizi waliyonipa pamoja na nauli?
Chelimo alinitazama
kama mtoto aliyesonga ugali wake wa kwanza.
Nikampa nne, kama bahashishi.
Nilipofika kwenye ngazi (lifti imekufa tangu Pasaka)
nikarudi, nikihema.
"Ifute. Andika saba.
Kuna mtu atakikalia kiti hiki baada yangu."

Bahasha itafunguliwa Disemba.
Gesi au hewa, wataniambia.
Zile siku nne sizirudishi.

Nyumbani, mwanangu Mutinda hasemi tena "umeanza."
Husimama mlangoni, viatu mkononi:
"Mama, leo ngapi?"
"Leo si ngapi. Leo yanapekecha."
Hajibu. Anachukua chupa ya chai,
anafungua kifuniko,
anakirudishia, hajakikaza.