Kilo Tatu na Robo

Kwenye mizani ya kaunta pale Punta Arenas
walimpima kama kipande cha nyama:
kilo tatu na robo, pamoja na mfuko wake.
"Jina la mnyama?" akauliza binti wa shirika la ndege,
kucha zake zikisubiri juu ya vibonye.
Hana, nikamwambia. Hana bado.
Akaandika HANA, kwa herufi kubwa,
akagonga muhuri, na tiketi ikatoka
ghali kuliko koti nililovaa.

Nje upepo uliwasukuma watu mgongoni
kama mdai asiye na haya.
Nilipanda ngazi nimemkumbatia tumboni,
mfuko wa kitambaa, dirisha la wavu,
na ndani sweta ya baba, ile ya kijivu,
yenye harufu ya kondoo, ya moshi wa kuni,
ya tumbaku aliyoapa kuiacha kila Pasaka.
Tangu Mei sijaifua.
Huyu ni kitinda mimba wa jike lake,
mbwa wa kuswaga kondoo, mwana wa mbwa wa kuswaga kondoo,
nami nampeleka Santiago, orofa ya kumi na moja,
akaswage nini, sijui.

Dirishani alikuwa ameketi Bi Erminda Barría,
miguuni pake boksi lililofungwa kamba:
kaa wa barafu, wa ubatizo wa mjukuu.
"Mimi na mbwa hatuivi chungu kimoja,"
akasema, sijafunga hata mkanda.
Samahani, nikasema. Nikamsukuma Hana chini ya kiti
kama nilivyoagizwa, zipu hadi mwisho,
nikakaa upande, kama mtu aliyekosea matanga.

Injini zikakohoa, kisha zikanguruma.
Hana akaanza kulia,
uzi wa sauti, mwembamba,
unaoingia sikio hili na kushona hadi la pili.
Wa mbele akageuka. Wa nyuma akaguna.
Nikachomeka kidole kwenye wavu,
akakidaka kwa meno yake, punje za mchele,
na ndege ikang'oka,
na tumbo langu likabaki kwenye lami.

Unamwambiaje mtoto wa wiki tisa
kwamba chini ya makucha yake hakuna chini?

Kulikuwa na barafu huko, milima
imevunjika-vunjika kama sahani baada ya ugomvi.
Halafu ndege ikatikisika, mara moja, mara mbili,
na Bi Erminda akanishika mkono bila kuomba.
"Sitini na minane," akasema, "na hii ndiyo ya kwanza."
Boksi likateleza. Tone la maji ya chumvi, tone lingine.
Hana akanyamaza ghafla,
pua yote kwenye wavu.
"Anataka nini huyo?"
Kaa wako, nikasema.
Akacheka hadi akajifuta macho kwa mtandio,
kisha akainama, akafungua zipu nusu,
akatumbukiza vidole vyenye miaka thelathini ya kiwanda cha samoni.
Hana akavilamba kimoja kimoja,
kama karani anayehesabu noti.
Mhudumu akapita, akaona,
akaamua kutazama dari.

Juu ya Temuco, rubani ndiye aliyetutajia,
Hana akakojoa. Sweta yote.
Niliitoa, nikainusa pale pale, mbele za watu:
kondoo hamna, moshi hamna,
tumbaku hamna.
Nikangoja kilio. Hakikuja, au kilikosa njia.
Bi Erminda akanipa mfuko wa plastiki.
"Mkojo wa mtoto huo," akasema. "Unafulika."

Santiago, joto, na hewa imesimama tu.
Nyuma ya maegesho nilipata majani,
mkeka mmoja hivi, kati ya teksi na pipa la taka.
Nikafungua zipu.
Akasimama, miguu minne ameitanua,
akijishikiza dhidi ya upepo usiokuwapo.
Hana, nikaita. Mara yangu ya kwanza kuliita.
Akaniangalia, kisha akachungulia nyuma yangu,
kwa muda mrefu,
kama kuna mtu mwingine tunayemsubiri ashuke.